Jani Lililoliwa na Mbuzi

Mjukuu wangu Baraka,

Marahaba! Hapa Gungu hatujambo. Mama yako mdogo kajifungua salama, mtoto wa kike mwenye sauti kama honi ya meli.

Yaani unaorodhesha baa za dunia nzima kwenye mtandao! Nimeshamwambia kila mtu hapa mtaani. Umeuliza kibao cha kilabu chetu kinasemaje, ili ukiandike. Hatuna kibao, na hatujawahi kuwa nacho. Tangu enzi za mama yangu, pombe ya ndizi ikiiva tunafunga jani bichi la mgomba kando ya njia. Ikiisha, tunalitoa.

Nilipokuwa msichana, siku moja tulifunga jani asubuhi, mitungi imejaa, lakini mpaka alasiri hajaingia hata mtu mmoja. Na pombe ile haikai, inachacha. Mama akanituma nikaangalie njiani. Nikamkuta mbuzi wa jirani anamalizia kipande cha mwisho! Nilicheka mpaka nikakaa chini. Kisha nikakimbia hadi sokoni Mwanga nikipiga kelele, "Jamani, pombe ipo! Jani limeliwa na mbuzi!" Watu walikuja kwa makundi, wengine ili wamwone huyo mbuzi tu. Babu yako alikuwa mmoja wao, na hakurudi kwao mapema.

Basi tuweke kwenye orodha yako, tena juu kabisa! Jani la hapa naliangalia mwenyewe kila siku. Lakini huko kwako, baba, kwa baa zote hizo, nani anaangalia kama jani bado lipo, na nani anafukuza mbuzi?

Ni mimi bibi yako, ninayejivunia wewe mtaa mzima.