Vitabu Tisa vya Tamimu

Kasulu, 28 Desemba

Wifi yangu Safina,

Asalaam aleikum. Huku hatujambo, mvua inanyesha na duka nafungua kila siku. Poleni na baridi ya huko Kibondo.

Uliniuliza mwaka huu nimesoma nini. Mimi niliyekuwa sigusi hata gazeti nimemaliza vitabu tisa! Kaka yako Tamimu alipopooza Januari na kupoteza kauli, daktari aliniambia, "Ongea naye kila siku." Nikaongea wiki mbili, maneno yakaniishia. Ndipo nikaazima riwaya kwa jirani yetu, mwalimu Verediana, nikawa namsomea kila alasiri. Yeye alikuwa ananitazama tu.

Mwezi wa sita nilichoka, wifi. Nilifungasha nguo zangu niende kwa mama Ujiji. Sikukuambia. Kilichonizuia ni kitabu: zilibaki kurasa kumi, na nilitaka tujue mwisho wake pamoja.

Kurasa zenye misiba nilikuwa naziruka, nisimtie simanzi. Ijumaa iliyopita nikaruka nyingine, mke mmoja alikuwa anakata roho. Nikasikia sauti nzito: "Umeruka."

Nikadhani kuna mtu mlangoni. "Nani?"

"Umeruka, Shadia. Rudi nyuma."

Nikarudi. Nilisoma msiba ule wote huku machozi ya furaha yananitoka.

Sasa anasema maneno machache, na mengi ni ya kunikosoa matamshi. Acha anikosoe. Njoo umsikie mwenyewe.

Wifi yako akupendaye,
Shadia