Maranda ya Mwangati Pale Mapokezi

Baba yangu mpendwa,

Nakuandikia nikiwa mezani kwa Mama, hapa Ganako, mvua inanyesha. Nimeona nikueleze mwenyewe kilichotokea pale lodge, maana sidhani kama kuna mwingine atakayeona ni jambo la kueleza.

Unakumbuka nilivyokuja karakana kwako kulalamika? Nilikuwa mgeni kazini, na pale mapokezi palinuka dawa ya sakafu mpaka watalii wakawa wanauliza kama kuna mgonjwa. Ulikuwa unapiga randa nguzo kuukuu ya mwangati, ule mti ambao Wamasai wanauita oltarakwai. Ulicheka, ukachota maranda kwa mikono miwili, ukaninusisha.

"Mwambie meneja wako atafute vikapu tu," ulisema. "Mengine niachie mimi."

Tangu hapo ukawa unakuja mwenyewe. Ulipanga vikapu chini ya madirisha na kando ya meko, ukayanyunyizia maranda maji ya uvuguvugu ili yaamke, kisha ukasimama mlangoni umefumba macho, unavuta hewa. Wageni walishuka kwenye magari na vumbi la Ngorongoro hadi kwenye kope. Wakiingia tu, mabega yao yanashuka.

"Umewaona?" ulininong'oneza. "Sasa ndiyo wamefika."

Ulipofariki, vikapu vilibaki. Jumapili baada ya ibada Mama akawa anapitia lodge na mayai ya kupeleka jikoni, halafu anakaa kwenye kiti cha karibu na meko, kitenge begani. Hakuna aliyemuuliza. Mimi nilijua amekuja kukaa na wewe.

Halafu mwenye lodge akaleta vimashine vya kupuliza manukato. Kimoja kiko ukutani pale kaunta, juu ya kichwa changu, kinapuliza mafuta ambayo chupa inasema ni ya msandali. Nilimfuata meneja ofisini.

"Manka, nakuelewa kabisa," aliniambia, na kweli alikuwa na huruma usoni. "Lakini bosi anataka hoteli zake zote zinukie namna moja. Hata mimi sina sauti hapo."

Nikaomba angalau kikapu kimoja. Maranda yalikuwa yameshamwagwa bustanini, chini ya mawaridi. Nilichimbua konzi moja, nikaenda kuyaanika nyumbani. Yalinuka udongo na samadi.

Na wageni wanaipenda ile harufu ya kimashine, Baba, siwezi kukuficha. Wananiuliza wapi wataipata waende nayo kwao.

Jumapili iliyofuata Mama alikuja, akakaa, akainuka tena hapo hapo. Akanisogelea pale kaunta.

"Harufu ya nani hii?"

"Ya kampuni, Mama."

"Na ya kwake mmeipeleka wapi?"

Simu ikalia. Niliipokea, nikasema karibu sana kwa sauti yangu ya kazini. Nilipoiweka chini, mayai yalikuwa juu ya kiti na Mama hayupo. Hajarudi tena pale.

Nimezunguka kwa mafundi seremala wa Karatu. Wote wanafanyia kazi paini na mkaratusi; mwangati, wananiambia, siku hizi haukatwi, na nguzo za zamani zimekwisha. Karakana yako amepanga fundi wa kuchomelea mageti. Ananikaribisha vizuri tu, ila mle ndani mnanuka chuma kilichoungua. Koti lako tulilifua wakati wa msiba, kabla hatujajua kwamba tutalihitaji vile lilivyokuwa. Kuacha kazi siwezi, wadogo zangu bado wako shuleni. Kesho asubuhi nitasimama tena chini ya kile kimashine na nitawatabasamia wageni.

Lakini kinachonitisha ni kingine. Jana nikiwa natembea kurudi nyumbani nilijaribu kukukumbuka, ulivyokuwa ukinikumbatia na aproni yako imejaa vumbi la mbao. Sura ilikuja. Sauti nayo ikaja. Harufu ikaja ya kile kimashine. Nikasimama pembeni ya barabara, nikajaribu upya, nikajaribu tena, ikaja ile ile.

Sijui nishike wapi, Baba. Kama kuna namna ya kukuzuia usiende mara ya pili, mimi siijui.

Ulale salama.

Binti yako wa kwanza,
Manka