Kazi ya Leta, Watu wa Papa Anaclet

Ni mwaka mmoja sasa tangu tuache kusikia kikohozi chako mlangoni, Papa Anaclet, baba yetu, kile cha kututangazia kwamba umerudi kazini na una njaa. Mama Brigitte, mke wako, bado anakupakulia sombe, mboga yako ya majani ya muhogo, kwa mazoea, kisha anatucheka tukiigombania.

Kampuni yako ndogo ilichimba mifereji ya mji kwa mkataba wa Serikali, Leta kama ulivyoiita. Kila mchana ulionja chungu cha wafanyakazi kabla yao, ukisema unapima chumvi. Tulijua ni ulafi tu. Kanisani ulisinzia mahubiri yakianza, ukaamka wakati wa sadaka.

Kisha ukuta wa mtaro ukamporomokea Bwalya, msimamizi wako, kule mtaa wa Hewa Bora, ukamvunja mguu. Mkaguzi wa kazi akaja. Wenzako wenye mikataba kama yako walikuwa na jibu tayari: hii ni kazi ya Leta, ukaguzi hauna nguvu juu yetu. Leta nayo ilisema wachimbaji si watu wake. Bwalya akabaki amelala kitandani, hana bwana wa kumjibia. Wakakusihi unyamaze, maana ukikubali wewe, mkaguzi ataingia na kwao.

Ulivua kofia, ukamwambia yule mama mkaguzi: « Kazi iko ya Leta, lakini bantu biko bangu. Nani alimuambia Bwalya ashuke mu ile shimo? Ni miye. Muniulize miye. »

Akakuuliza kweli. Alisimamisha kazi mpaka kuta za mtaro zitegemezwe kwa mbao, na matibabu ya Bwalya yakawa juu yako. Mkataba uliofuata alipewa mwingine. Mama Brigitte alinuna juma zima. Wewe ulilala fofofo, na mkoromo wako ulisikika hadi kwa jirani. Tulijivunia wewe, Papa, ingawa hatukukuambia.

Siku ya mazishi wajomba walikuwa wamekwisha kushika jeneza. Wachimbaji wakaja na viatu vyao vya mtaroni, Bwalya mbele, akichechemea.

« Mutuachie, » akasema. « Huyu iko muntu wetu. »

Wajomba wakawapisha.

Wanaokukumbuka ni mkeo Brigitte, wanao Sylvain, Plamedie na Dédé, dada yako Chilufya na wajukuu wote. Bwalya ameomba yeye na wenzake waandikwe humu kwenye tangazo, pamoja na familia. Hakuna aliyebisha.

Daima tutakukumbuka, Papa, sisi bantu bako.