Kona ya Chini

Jumatatu, 8 Machi 1999

Mvua alfajiri, jua saa tatu. Tumefunga mbao za ngazi kwa yule mwenye duka la dawa, huku juu mtaa wa Nengo. Safari, msaidizi wangu, kachelewa tena. Kisingizio cha leo: mpaka ulichelewa kufunguliwa. Anatoka Goma kila siku kwa miguu. Fundi mzuri, mdomo haupumziki. Nilimfokea, kisha nikampa chai.

Mchana Mama Devota katuma mtu. Kuna ufa ukutani, nipite kuuona. Nikajua ni kona gani kabla sijaambiwa.

Sikwenda.

Jumanne, 9 Machi

Nimekwenda. Ni kona ya chini, upande wa ziwa, chumba wanacholala watoto wake wawili. Ufa umeanzia kwenye lenta ya dirisha, unashuka kwa kufuata viungo vya tofali mpaka kwenye msingi. Juu unaingiza kidole, chini ni uzi tu. Mlango wa chumba haufungiki. Mama Devota anamlaumu seremala. Nilimwacha amlaumu.

Nimebandika vipande viwili vya kioo juu ya ufa kwa plasta, nikaandika tarehe pembeni kwa penseli. Kioo kikikatika, nyumba inatembea. Yeye nimemwambia plasta tu imekauka vibaya. Uongo mtupu. Watoto walikuwa wanaruka kitandani pale pale nikisema uongo wangu.

Nyumba ile nimeijenga mimi.

Jumatano, 10 Machi

Mariamu kaniuliza kwa nini sili. Nikamwambia jino. Mke wangu si mjinga, kaondoa sahani.

Niandike basi, hapa hakuna anayesoma. Mwaka jana, kiangazi, tulichimba ule msingi. Mlima umekaa vibaya, lakini chini kuna mawe ya lava, magumu, sururu inatoa cheche. Fundi anataka nini tena? Tukafika kona ya chini. Sururu ikazama mpaka mpini. Udongo mweusi, laini, unanuka uozo. Shimo la zamani, lililofukiwa.

Vibarua wakatazamana. Katika mji huu, tangu mauaji ya tisini na nne, shimo lililofukiwa huulizi lina nini. Nikawaambia waende kula. Saa nne asubuhi! Wakaenda mbio, wallahi. Nikabaki peke yangu, nikachimba kufika magoti, nikaacha. Nikatupia mawe, nikatandika nondo, na jioni zege likawa juu yake. Nikajitia hamnazo.

Kawaida ukianza kuchimba unauliza jirani, hapa palikuwa na nini? Mtaa ule nani wa kuulizwa? Wa kushoto wametoka Uganda, wa kulia wametoka Masisi, mimi mwenyewe nimezaliwa Mwanza. Wote wa kuja. Waliokuwa wanaijua ardhi ile hawapo.

Niliogopa. Ndiyo. Niliogopa kuwakuta watu. Nikaona bora kuwajengea juu kuliko kuwatazama. Fundi wa miaka kumi na tisa kazini.

Alhamisi, 11 Machi

Mvua usiku kucha. Asubuhi nilipita kabla ya kazi. Vioo vyote viwili vimekatika.

Nimemwambia Mama Devota awatoe watoto chumba kile leo hii. Kawahamishia chumba cha juu. Nikamwambia ahame nyumba nzima, aende kwa dada yake Goma wiki mbili. Kakataa. Nikarudia kwa ukali. Kakataa kwa upole, jambo lililonichoma zaidi. Nyumba ikiporomoka inaanguka na watu, na mkono uliofanya ni wangu.

Ngazi za duka la dawa zingoje. Nilimweleza Safari mpango: kuegemeza ukuta kwa magogo ya mikaratusi, kuchimba chini ya msingi kipande kwa kipande, kujaza mawe na zege mpaka kwenye ardhi ngumu. Akauliza kwa nini kona moja tu inazama. Yeye hakuwepo mwaka jana. Nikamwambia ukweli. Mtu wa kwanza kumwambia.

Akaitua ndoo chini. Kisha: "Mule muko batu, kapita. Mi siingie mule." Kapita ni mimi, msimamizi wake.

Baadaye akaja na lake. Tusichimbe. Tutoboe kando, tumwage beto nyepesi, yaani zege la majimaji, ijipenyeze yenyewe, tuondoke. Na sababu anayo. Tukikuta mifupa lazima tumwite konseye, kiongozi wa mtaa. Konseye ataita wa juu yake. Kazi itasimamishwa, kona imebaki hewani, na hii ni Machi. Mvua haitangoja barua zao.

Ni wazo baya. Beto nyepesi kwenye udongo uliooza ni uji kwenye pamba. Lakini nimelifikiria kutwa nzima. Naona aibu kuandika hivyo.

Ijumaa, 12 Machi

Baada ya swala nikaenda moja kwa moja kwa Mama Devota kabla moyo haujanywea. Alikuwa anachambua maharage. Nikasema yote nikiwa nimesimama. Shimo, udongo mweusi, vibarua kwenda kula, zege la jioni. Nikasema nilijua na nilinyamaza.

Nilitegemea matusi. Nilijitayarisha hata kwa makofi. Akaendelea kuchambua maharage, polepole, polepole, mpaka mkono ukasimama.

"Ulifika wapi?" Nikamwonyesha kwenye magoti.

Nikamweleza wazo la Safari pia, la kumwaga bila kuchimba. Sijui kwa nini. Labda nilitaka yeye aseme sawa, mzigo unitoke. Akaniangalia kama mtu anayeangalia kichaa. "Uchimbe mupaka chini. Mupaka mwisho."

Na yeye hahami. Basi.

Jumamosi, 13 Machi

Magogo sita yamesimama. Matatu mbele, matatu ubavuni, mbao nene zimekaza ukuta, kabari zimepigwa. Safari kaja. Hakusema kwa nini kabadili nia, nami sikumuuliza. Kavaa rozari shingoni, juu ya shati.

Kona huchimbi yote mara moja, itakuangukia. Unachimba mita moja, unajaza, unaacha likaze, ndipo unahamia inayofuata. Leo kipande cha kwanza, upande wa njia. Nilishuka mimi. Kila sururu ikigonga kitu laini roho inaruka. Mzizi. Mzizi tena. Kigae. Kufika mita na nusu, mwamba. Nilitaka kuubusu. Nimeujaza kwa mawe na zege, juu kabisa, chini ya msingi wa zamani, tumesindilia saruji iliyochanganywa na mchanga kavukavu kwa ubapa wa mbao mpaka ikalia.

Mama Devota kaleta kiti akakaa juu ya shimo toka asubuhi mpaka tulipomaliza. Hakwenda sokoni. Hakupika. Watoto wamekula kwa jirani. Ananikera. Nimedanganya mara moja, sasa kila ndoo ya udongo inayotoka lazima aione! Anaichungulia, anaigusa kwa kijiti. Nikataka kumwambia akae ndani. Nikakumbuka nani mwenye makosa hapa.

Jumatatu, 15 Machi

Hatukuchimba. Mvua ya mawe. Maji yanashuka kilimani mekundu, yanaingia kwenye mtaro wetu, tumeyachota kwa ndoo kutwa. Tumechimba mfereji juu ya nyumba kuyageuza. Safari kalowa mpaka rozari.

Saa nane ardhi ikatikisika. Kidogo tu, ule mtikisiko wa kila mara, watu mtaani hata hawakusimama. Mimi nilisimama. Kabari moja ikaruka, gogo la mbele likateleza, nikasikia ukuta unalia. Nilijitupa chini ya lile gogo kwa bega. Safari akapiga kabari akitukana kwa Kifaransa. Lilikaa. Bega limevimba, mkono wa kushoto hauinuki.

Ufa sasa unaingiza vidole viwili. Kipande cha katikati, penye shimo lenyewe, kilipaswa kungoja mpaka Alhamisi, cha kwanza kikaze vizuri. Hakingoji. Ni kesho.

Mariamu kanikanda bega kwa maji ya moto. Nikamwambia kisa chote. Akasema angejua mapema angenikokota kwa sikio mpaka kwa Mama Devota. Kisha akaniambia nikale, nikala.

Jumanne, 16 Machi

Naandika kwa taa, Mariamu kalala.

Mawingu, lakini pakavu. Tukaanza mapema. Mkono wangu haufai, kwa hiyo Safari alishuka, mimi nikapokea ndoo. Sikumwomba. Alivua viatu akashuka.

Kufika magoti tukakuta mawe yangu ya mwaka jana, yamezama yamelala upande. Nikayatoa moja moja kwa mkono mzima. Chini yake ule udongo mweusi. Uozo ule ule. Mama Devota akaacha kiti akapiga magoti ukingoni. Nikamwambia arudi nyuma, ukingo si salama. Hata hakusikia.

Kiunoni. Safari ananong'ona sala zake. Udongo unatoka kwa tabaka, unachanika kama karatasi iliyolowa. Kifuani. Sururu ikagonga kitu kikavu, kikavunjika. Safari akaganda. Sote tukaganda.

Akainama, akafukua kwa vidole. Akatoa kigae kikubwa cha chungu. Akafukua tena: majivu, makaa, majani ya mgomba yameshikana, uti wa jani bado mzima. Akachota majivu akanusa. Akafukua pembe zote nne mpaka mwamba ukaonekana mweupe wa mikwaruzo. Kisha akaanza kucheka. Akacheka mpaka akaegemea ukuta wa shimo. "Kapita! Ni shimo ya bitoke! Ya kuivishia bitoke ya pombe!"

Urwina. Wanaita urwina. Unawasha moto shimoni, unatandika majani, unafukia ndizi mpaka ziive za kukamulia pombe. Kila shamba la migomba huku lilikuwa nalo. Mtoto yeyote wa kijijini angeinusa harufu ile akajua. Mimi wa Mwanza mjini, ndizi naziona zimeshaiva sokoni. Tangu kiangazi sijalala vizuri kwa ajili ya shimo la ndizi. Nikacheka nami. Nikasema alhamdulillahi kwa sauti, mara tatu. Nikageuka nimpe Mama Devota mkono wa heri.

Analia. Si machozi ya furaha, hayo nayajua. Kaweka paji la uso juu ya lundo la udongo, analia bila sauti, mabega yanakwenda juu na chini.

Safari akaacha kucheka.

"Mi nilizania leo nitamupata," Mama Devota akasema.

Mumewe. Alionekana mara ya mwisho anapanda kinjia kinachopita kando ya nyumba hii, koti mkononi. Karibu miaka mitano sasa, siku za mauaji yale. Ndiyo maana alinunua kiwanja kile, mlima mbaya vile. Alisali pale asubuhi zote tukichimba msingi. Na sasa nakumbuka, siku tuliyomaliza mwaka jana aliniuliza kama tumekuta kitu. Nikamjibu mawe matupu. Nikamjibu nikiwa naosha mwiko, sikumtazama hata. Akaniamini. Ijumaa nilipomwambia kuna shimo, mimi nilidhani namletea balaa. Nilimletea tumaini, na leo nimempokonya.

Nilikaa naye juu ya udongo. Tone la kwanza la mvua lilipoanguka aliinuka mwenyewe, akajipangusa uso kwa kanga, akatuambia tujaze haraka, watoto wana nyumba moja tu.

Tukajaza. Mawe, zege, mawe, zege. Yeye alibeba ndoo za kokoto pamoja nasi. Tukamaliza tumelowa chapachapa.

Jumamosi, 20 Machi

Kipande cha tatu kimejazwa jana. Mwamba tupu, salama. Vioo vipya nilivyobandika Jumatano ni vizima baada ya mvua mbili kubwa. Tumefunika zege kwa magunia, watoto wanayamwagia maji asubuhi na jioni, wanagombania ndoo. Magogo yatabaki wiki mbili nyingine.

Mama Devota kanipa chai. Nilimwomba radhi. Sijui kuomba radhi, nilianza kueleza mambo ya zege katikati. Akaniacha nimalize.

Nilipoaga akanisindikiza mpaka kwenye kinjia. Akasema sisi mafundi tunachimba kila mahali Nengo. Nikikuta pamelainika tena, nisifunike. Nifike mwisho, kisha nimwambie, iwe ni kitu au si kitu. Ni hilo tu.

Nikasema ndiyo.

Jumatatu, 29 Machi

Msingi mpya, nyumba ya mwalimu, mtaa wa nyuma. Kona ya kulia udongo ni laini. Vibarua wakasimama, wakaniangalia. Nikashuka mimi, mkono umepona kiasi. Nimechimba kutwa nzima. Mwalimu kalalamika kwamba nachimba kisima. Saa kumi nikafika mwamba, nikausafisha kwa ufagio pembe zote.

Udongo tu.

Safari alipokuwa anarudi Goma nikamwambia apitie kwa Mama Devota, amwambie leo tumefika mwisho na hakuna kitu. Akaenda.