Presha ya Jana

Jumatatu, 3 Novemba 2025

Uwezeshaji: kuwapa watu maarifa ya kutenda, nyenzo za kutendea na mamlaka ya kukataa. Kikikosekana kimoja, jina sahihi ni kutwikwa mzigo.

Barua ya kaunti inalitaja neno hilo mara nne, baada ya aya fupi: bajeti imekatwa, mkataba wa muuguzi wetu hautafanywa upya, dispensari itafungwa “kwa muda”. Tumeachiwa mashine moja ya presha. Huku juu ya Gilgil kuna wajawazito saba. Mmoja ni Abby, binti yangu, miezi minane. Mama yangu mzazi alikufa kwa presha ya ujauzito.

Naogopa. Hili naliandika hapa tu. Mwenyekiti wa kamati hatarajiwi kuogopa.

Jumanne, 4 Novemba

Kikao cha kamati. Nani atawapima? Cherop wa duka akauliza: nani hupita kila boma kila asubuhi? Si karani wa maziwa! Vicheko. Ephantus, ambaye amepima maziwa yetu miaka thelathini, akauliza kama hawa nao atawaandika kwa kilo.

Amekubali. Kabla ya kufunga mizigo, muuguzi alitufundisha wawili, yeye na mimi. Magoti yangu hayavuki bonde kila siku. Yeye atapima, mimi nitakagua daftari kila Alhamisi.

Ijumaa, 7 Novemba

Chepkorir: 158/104! Ephantus alimpima mara mbili, akapiga kelele barabarani. Jamleck, dereva wa pikapu ya maziwa, alimpeleka hospitali, Chepkorir akiwa amekaa katikati ya mitungi. Amejifungua salama. Msichana.

Walioandika barua hawakulijua hili: nani hupita wapi, saa ngapi, na mlango upi hufunguliwa bila hodi. Hayo tunayajua sisi. Yana thamani, na leo thamani hiyo imepumua.

Jumapili, 9 Novemba

Nje ya kanisa wamembandika Ephantus jina: Daktari wa Maziwa. Anatabasamu, anapiga saluti. Kahiga, anayetuletea habari za kaunti, alinishika mkono: Mwalimu, si mnaona mnajiweza! Ataiandikia kaunti ripoti.

Tukishindwa, watu watakufa. Tukifaulu, muuguzi hatarudi.

Abby hakuweza kufunga viatu, miguu imevimba. Mum, ni joto tu, alisema. Asubuhi Ephantus alimpima mbele yangu: 118/76. Presha tamu kama maziwa ya alfajiri, akasema. Nimeshindwa kucheka.

Alhamisi, 13 Novemba

Naandika nimesimama, daftari juu ya ukuta wa kibanda cha maziwa.

Saa moja asubuhi nilifungua daftari la vipimo. Abby, Jumatatu: 118/76. Jumanne: 118/76. Jumatano: 118/76. Leo: 118/76. Nikatazama wengine watano. Kila mmoja na namba yake ya Jumapili, siku nne, bila kubadilika. Mwili wa binadamu haujirudii hivyo.

Ephantus hakuona aibu yoyote mwanzoni. “Betri zilikufa Jumatatu, Mwalimu. Si unajua mizani ikikataa naandika ya jana? Ng'ombe habadiliki kwa siku moja. Na hakuna mtu amewahi kulalamika!”

Kweli. Hakuna. Mimi pia nimelipwa kwa maziwa ya jana mara nyingi, nikashukuru. Nilimwonyesha mahali pa kuandika namba. Sikumwambia kwamba anaruhusiwa kuacha nafasi wazi.

Betri kutoka kwa Cherop. Bodaboda hadi kwa Abby. 172/114. Nikarudia: 174/114. Kichwa kinamuuma tangu jana, anaona vimulimuli. Hakusema kwa sababu Ephantus alimwambia yuko sawa.

Mumewe, Kiprotich, alimbeba hadi hapa barabarani. Muuguzi wetu wa zamani, kwa simu: hospitali sasa hivi, usingoje chochote. Mitungi inashushwa ili godoro liingie. Maziwa ya boma arobaini yanaachwa juani na hakuna anayenung'unika. “Shusheni! Ndama nao leo wale Krismasi!” Mzee mmoja amevua koti, amemfunika Abby miguu.

Wamebaki watano. Natalie, ng'ambo ya bonde, ana mimba ya miezi minane kama Abby. Dada yake ameniambia sasa hivi kwamba tangu jana amelala gizani, hataki mwanga. Mashine ni moja. Wanaoijua ni wawili, na Ephantus amekaa juu ya mtungi mtupu, uso mikononi. Nilimnyooshea mashine. Akatikisa kichwa: “Nisamehe, Mwalimu. Leo hata macho yangu siyaamini.”

Nikiwa mama, natakiwa ndani ya pikapu. Nikiwa mtu wa pekee anayeweza kupima, natakiwa kwa Natalie. Nimejaribu kuipanga hoja hii kama nilivyowafunza wanafunzi, sentensi baada ya sentensi, na haifiki mwisho.

Mtungi wa mwisho umeshuka. Abby amenyoosha mkono nje ya godoro, ananitafuta. Jamleck amewasha injini.

“Mwalimu, unapanda ama unabaki?”