Mpishi wa Sura ya Kumi na Nane

Jumatatu, 4 Agosti

Kurasa sita kabla ya chai. Mbovu zote. Nimefuta nne, mbili nimezionea huruma.

Mchapishaji amepiga simu kutoka Dar. Kitabu kinaingia mtamboni mwezi ujao, sura zilizobaki ziko wapi? Zinakuja, nikamwambia. Zinatoka wapi, Mungu ndiye ajuaye.

Utaratibu ni uleule tangu vitabu vyangu vianze kugombaniwa. Kila Alhamisi narekodi sura moja kwa sauti yangu, naitupa kwenye magrupu ya simu. Bagamoyo nzima inasikiliza: saluni, gengeni, soko la samaki. Wiki nzima wanabishana muuaji ni nani. Hawapatii. Sura ya mwisho situmi. Anayetaka kujua kama muuaji atanyongwa, anunue kitabu.

Jumatano, 6 Agosti

Kelele za jikoni tangu alfajiri. Nyumba hii haiandikiki.

Shemeji Mwanaidi, mjane wa kaka yangu Hemedi, bado yuko eda. Miezi minne na siku kumi hatoki nje, na mwanamume anayeweza kumuoa haruhusiwi kumwona uso. Mimi ni mmoja wao. Kwa hiyo anakaa uani, anapika, na dada yangu Zuhura ananiletea sahani. Tukiwa na la kusema tunasemezana kupitia pazia.

Leo pazia limesema: "Ehee, bwana wee! Shemeji, huyo Inspekta Chande wako, vitabu vyote hivyo hajawahi kula hata sambusa? Ndiyo maana ana hasira!"

Zuhura alicheka mpaka akashika ukuta. Mimi sikucheka. Wasomaji wa Kigoma mpaka Mombasa wananiheshimu, halafu nije nifundishwe kazi na mpishi wa shughuli. Kweli pilau lake hakuna wa kulifikia, kuanzia Dunda mpaka Kaole harusi hazipangiwi siku mpaka yeye aulizwe nafasi. Na abaki hukohuko kwenye masufuria.

Alhamisi, 14 Agosti

Wameotea.

Sura ya kumi na saba haijamaliza saa moja hewani, grupu zima linapiga kelele: muuaji ni Bwana Sefu, mshirika wa biashara wa marehemu. Hata muuza mihogo wa stendi amepatia! Ameniambia usoni, anacheka, anageuza mihogo yake. Fedheha gani hii? Tangu kitabu cha kwanza sijawahi kuotewa.

Sikula chakula cha mchana. Nimemchukia kila mtu.

Ijumaa, 15 Agosti

Nimepata! Nikiwa msikitini, Mungu anisamehe, katikati ya hotuba.

Muuaji si Sefu. Ni mke. Mke mpole, mpishi, anayemlisha mumewe mgonjwa uji kwa kijiko. Mume anakufa, mke anaingia eda. Inspekta hawezi hata kumhoji, atamhoji vipi mwanamke aliye nyuma ya pazia? Amejificha ndani ya dini. Lo! Nimeandika mpaka vidole vikakakamaa.

Nimemwita Mwanahawa. Nimempa mkono wa kushoto wa kukorogea, pengo la mbele, na ile "ehee, bwana wee" ya Mwanaidi kabla ya kila sentensi. Mume nimempa tumbo la Hemedi lililovimba na macho yake ya manjano. Kwa nini nibuni wakati ninavyo?

Daktari aliniambia mimi mwenyewe, tumesimama mlangoni mwa wodi: ini la kaka yako limekwisha, hakuna la kufanya. Nalijua hilo. Riwaya ni riwaya.

Alhamisi, 21 Agosti

Sura ya kumi na nane imetoka. Nimeisoma vizuri kuliko zote. Pale Mwanahawa anapopuliza uji ili upoe, nimeshusha sauti mpaka nikajitisha mwenyewe.

Hakuna aliyepatia. Hata mmoja! Muuza mihogo leo hakunicheka, amenipa na kachumbari ya bure. Raha iliyoje.

Zuhura amesikiliza yote. Hajanisalimia.

Jumapili, 24 Agosti

Sokoni kununua samaki aina ya changu. Nilipofika wanawake wakanyamaza. Mama mmoja muuza pweza, simjui vizuri, akanishika mkono. "Pole, mwanangu. Yaani mlikuwa mnajua, mkashindwa kusema?"

Ningeweza kumjibu kwamba marehemu aliugua ini. Maneno machache tu. Badala yake nikasema, "Riwaya ni riwaya, mama," nikatabasamu.

Ninajua nilitabasamu vipi. Ni tabasamu ninalopigia picha za majalada. Kabla sijalipia samaki lilikuwa limeshafika mwisho wa soko.

Jumanne, 2 Septemba

Wamekuja watu wa Dunda. Walimshika Mwanaidi tangu kabla Hemedi hajafa, awapikie harusi ya binti yao, na msiba ulipotokea wakaisogeza mpaka eda iishe. Ndiyo shughuli yake ya kwanza akitoka, anaingoja kama mtoto anavyongoja Idi, usiku anamsikilizisha Zuhura hesabu ya nazi na mchele. Leo wanasema upande wa bwana harusi wameleta mpishi wao. Hawakutazamana wakati wanasema. Zuhura akawaletea sharubati ya ukwaju. Hakuna aliyeinua gilasi.

Mwanaidi alikuwa nyuma ya mlango. Alisikia. Kutoka hawezi.

Walipoondoka Zuhura alinijia juu. "Kaka, rekodi hata dakika moja. Waambie umebuni. Mwenzio anakula kwa mikono yake, nani atampa sufuria tena?" Nikamwambia asinipigie kelele, nina kazi.

Mchapishaji naye amepiga. Maduka yanaomba kitabu kabla hakijachapwa. Amesema neno moja: usiguse kitu.

Jumatano, 3 Septemba

Pazia.

Hakulia. Ningependa alie, ningejua la kufanya, ningesema pole nikaondoka. Alisema polepole: "Shemeji, mimi siwezi kutoka. Wewe unaweza. Waambie Hemedi aliugua nini. Sikuombi kingine."

Nikasema nitaona.

Alhamisi, 11 Septemba

Nimerekodi ile dakika moja. Nikaisikiliza. Sauti ya mtu anayeomba radhi, inachukiza. Na muuaji aliyekanushwa na mwandishi wake si muuaji tena, kitabu kinakufa. Nikaifuta.

Nikatuma sura ya ishirini na moja. Inspekta anafukua kaburi. Nywele zitawasimama.

Jumamosi, 13 Septemba

Kuna watu wameonekana makaburini. Wamesimama kwenye kaburi la Hemedi, wanalitazama kama limeandikwa kitu. Wengine wanapiga picha. Mwangalizi wa msikiti amewafukuza.

Ni kaka yangu, tumelala kitanda kimoja mpaka nikabaleghe. Kisha nikakasirika: na yeye Mwanaidi kwa nini asiwe na pengo la mtu mwingine?

Sababu ya kipumbavu. Naiandika hivyohivyo.

Jumanne, 16 Septemba

Sura ya mwisho imekwenda Dar. Ananyongwa. Mchapishaji amepiga makofi kwenye simu.

Uji wa asubuhi umepoa mezani. Sikuwa na njaa.

Ijumaa, 19 Septemba

Leo eda imeisha. Siku kama hii nyumba hujaa. Wanawake wa mtaa huja kumwogesha mjane, humfukiza udi, humvisha kanga mpya, hupiga soga mpaka magharibi. Zuhura alitandika mikeka tangu asubuhi. Hakuja mtu. Alimwogesha peke yake.

Mwanaidi akapika. Sufuria la harusi, pilau la mbuzi, harufu ilifika barabarani. Akapakua sahani za majirani, Zuhura akazibeba nyumba baada ya nyumba. Zilirudi. Wengine walisema wamefunga, wengine wameshiba. Mmoja alifunga mlango tu.

Yangu aliileta mwenyewe. Kajitanda baibui, uso wazi. Sijauona tangu msiba. Amekonda, mashavu yameingia ndani. Akaweka sahani mezani, akatoka.

Nyama imeiva inaachia mfupa. Kachumbari pembeni. Mkono ulikwenda, ukasimama. Mimi niliyemtunga Mwanahawa! Mimi niliyesimama na daktari! Nikachukua pande la nyama, nikalitupa chini kwa paka wa jirani. Akala. Akajilamba. Nikasubiri. Nikaendelea kusubiri, namtazama tumbo.

Nilipoinua macho, Mwanaidi alikuwa mlangoni. Alikuwa amerudi na jagi na beseni, maji ya kuninawisha.

"Hata wewe, shemeji?"

Hakupandisha sauti. Akaweka jagi chini, akachukua sahani, akarudi nayo jikoni. Paka akamfuata.