Kaa la Moto la Mama Zuhura

Mjukuu wangu Hamisi, mume wangu mdogo,

Marahaba. Hapa Isevya tu wazima. Mama yako amepona mafua, na yule mbuzi wako amezaa mapacha. Nyumba tu ndiyo imekuwa kubwa tangu uondoke.

Umeniuliza kama na sisi tuligombania vyeo, kama mnavyofanya huko chuoni. Sana, tena huku vita vinanukia! Redio ilisema vita vya Kagera, sisi mtaani tulisema cheo cha ubalozi wa nyumba kumi. Baba yangu aliutaka, na jirani yetu, mume wa Mama Zuhura, naye aliutaka. Wake zao wakaacha hata kuombana moto wa kuwashia jiko.

Kisha kaka yangu Saidi akaitwa jeshini. Asubuhi ya kupanda treni, mama alikaa tu mbele ya mafiga yaliyopoa. Mara hodi. Ni Mama Zuhura, ameshika kigae chenye kaa la moto.

"Sijaona moshi kwenu," alisema. "Mtoto ataondoka bila chai?"

Akapuliza mwenyewe mpaka kuni zikashika. Mama alimsogezea kigoda.

Saidi hakurudi, mjukuu wangu. Aliyepata ubalozi nimemsahau. Chai ile naikumbuka: tulisahau sukari, na Saidi akaomba kikombe cha pili.

Siku hizi kila nyumba ina gesi yake. Lakini nikiamka bado natazama juu ya paa la kina Zuhura kama kuna moshi. Huko uliko, nani analitazama la kwako?

Bibi yako, anayekungoja.